Anayetumwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani wawili, Sara Harkness na Charles Super, walikuja kuishi kati ya Wakipsigis katika nyanda za juu za Kericho, Kenya, ili kuchunguza makuzi ya watoto. Kitongoji walimoishi wanakiita Kokwet katika maandishi yao. Miongoni mwa vipimo walivyojaribu kilikuwamo kimoja kinachoonekana chepesi: mtoto anasimuliwa hadithi fupi, kisha mtu mzima anamwomba airudie. Watoto wengi walinyamaza. Kwa vipimo vilivyotungwa ng'ambo, mtoto wa namna hiyo angeandikwa kwamba lugha yake imechelewa. Lakini watoto wa huko walikuwa wakitumwa kila siku, wafuate ndama, washike wadogo wao, wapeleke neno kwa jirani na kurudi na jibu, na walielewa yote. Hawakuwa wamezoea mtu mzima kuwataka waseme kwa ajili ya kusema tu. Mwaka 1977 watafiti hao walichapisha makala iliyouliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Jibu lao lilikuwa kwamba mtoto wa Kokwet hufundishwa kwanza kuelewa na kutekeleza, kusema kutafuata.

Niliposoma hayo niliwaona wazazi wetu. Mtoto wa kwetu huanza lugha kwa miguu. Lete, peleka, funga, mwite: hayo ndiyo maneno anayoyapata kabla hajaunganisha matatu ya kwake mwenyewe. Wazazi wa Kokwet walitofautisha mtoto mwerevu wa shuleni na mtoto mwerevu wa nyumbani, na huyu wa nyumbani ndiye yule anayeona kinachotakiwa akakifanya kabla hajaambiwa. Tangu hapo siwezi kumtazama mgeni aliyezaliwa na Kiingereza, anayehangaika na lugha zetu, bila kujiuliza: huyu, nani amewahi kumtuma?

Wageni hao hawajawahi kukosekana Kericho na Bomet. Wamo madaktari wa hospitali ya Tenwek, wamo watafiti wa mimea na udongo, wamisionari, vijana wa kujitolea wanaofundisha hisabati kwa miezi michache, na wakubwa wa makampuni ya chai wanaokaa kwenye nyumba zenye nyasi zilizokatwa vizuri. Wengi wao wanataka kujifunza kwa moyo wote. Nimewaona wakinunua vitabu, wakipakua programu kwenye simu, wakiandika maneno viganjani kama watoto wa shule siku ya mtihani. Wanaanza kwa mdomo. Wanataka kusema mapema, na wanataka kusema sawasawa.

Kuna wanaohesabu ugumu wa lugha kwa saa. Foreign Service Institute, taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani, humpa msemaji wa Kiingereza wiki 36 za darasani, yaani saa zipatazo 900, ili amudu Kiswahili vya kutosha kwa kazi. Kihispania humchukua muda mfupi kuliko huo. Kiarabu na Kichina humchukua wiki 88. Naziheshimu hesabu hizo, maana zimetoka kwa watu waliofundisha kwa miaka mingi. Ila zinamhesabu mwanafunzi peke yake. Hazimhesabu yule atakayekaa mbele yake akimngoja amalize sentensi.

Kikipsigis, kwa upande wake, kina ugumu wake halisi, na sipendi kuudogosha. Kitenzi hutangulia katika sentensi. Irabu zake ni makundi mawili ambayo sikio la Mwingereza huyasikia kama moja. Na toni ndiyo inayoonyesha nani ametenda na nani ametendewa, hivi kwamba mtu anaweza kupanga maneno yote mahali pake na bado akawa amemfanya ng'ombe amkamue mwenye ng'ombe. Dkt. Taaitta Toweett, mwanasiasa wa Kericho aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, aliiandikia isimu ya Kikalenjin, ambacho Kikipsigis ni tawi lake, kitabu kizima kilichotoka mwaka 1979. Mwingereza ana kila sababu ya kuchoka. Lakini Mkisii aliyekuja kuchuna chai Kericho naye hakuzaliwa na irabu hizo, wala Mluhya, na baada ya misimu michache utawasikia wakibishana bei ya kuku na wenyeji sokoni Litein bila mkalimani.

Hapa ndipo historia ya mashamba inaponivuta. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho ikawapa maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 yakaingia makampuni ya chai, Brooke Bond na African Highlands, na vilima vikafunikwa na kijani kile ambacho watalii hupiga picha hadi leo. Chai ilihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Watu wakatoka Kisii, wakatoka kando ya Ziwa, wakatoka Uluhyani, wakapangwa kwenye laini, vile vijumba vya wafanyakazi vilivyofuatana bega kwa bega, na Wakipsigis wenyewe wakaja kuchuna kwenye ardhi iliyokuwa yao.

Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha namna yake. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jina la kitabu chenyewe linataja waliokusudiwa: askari, masetla, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Watu wa pwani wangekisikia Kiswahili hicho wakashika vichwa. Ngeli zimeondolewa, viambishi vya wakati vimepunguzwa, kukanusha kote kumetupiwa neno moja la "hapana". Kikaitwa Kisetla. Watu wengi hukicheka, wakisema Wazungu wa zamani walikuwa wazito wa lugha. Mimi naona kilitimiza kazi kiliyoundiwa. Mtu asiyekuwa na haja ya kujibiwa hana haja ya ngeli. Anachohitaji ni lete, ondoa, fanya, upesi, na akishapata hizo amefika mwisho wa safari yake. Setla alikaa kwenye lugha miaka thelathini akiwa upande mmoja tu wa kitenzi, upande wa kuagiza.

Laini zilikuwa kinyume chake kabisa. Nilikulia huko, na ninajua jinsi lugha zilivyokuwa zikipita kwenye kuta za mabati. Mama Mkisii akiugua usiku, mtoto wa Kijaluo ndiye anayetumwa kwa mkunga Mkipsigis, na njiani ule ujumbe hauwezi kusahaulika. Wachunaji walisimama mistari iliyopakana, wakaazimana chumvi, wakagawana mtungi mmoja wa maji, wakaenda pamoja kwenye mzani. Mtoto akitumwa kwa majirani watatu anarudi na lugha tatu. Hakuna aliyekaa chini akamfundisha mwenzake sarufi. Mtu alijua jina la kitu kwa sababu alikuwa amekibeba.

Sisemi laini zilikuwa peponi. Mishahara ilikuwa midogo, vyumba vilikuwa vidogo zaidi, na katika ghasia za uchaguzi za mwishoni mwa 2007 hadi mwanzoni mwa 2008 majirani waliokuwa wameazimana chumvi walifukuzana, wengine wakauawa, kwenye mashamba hayo hayo. Kujua lugha ya mtu hakukuwazuia waliokuwa na nia ya kuua. Jambo hilo linanisumbua kila ninapotaka kuisifu lugha kupita kiasi, na nadhani linapaswa kuendelea kunisumbua. Hata hivyo bado nasema kwamba ujuzi ule wa lugha ulikuwa mkubwa kuliko wa meneja yeyote mwenye shahada, na haukuandikwa popote. Siku hizi mashine za kuchuna zimechukua nafasi ya mikono mingi, laini nyingi zimekuwa tupu, na chuo hicho kisicho na jina kinafungwa bila mtu kutangaza.

Yupo Mzungu mmoja ambaye hadithi yake hunirudia. Ian Orchardson, mwana wa mchoraji wa Kiskoti William Quiller Orchardson, alifika nchi ya Wakipsigis karibu mwaka 1910. Angeweza kuishi kama masetla wengine, na Kisetla kingemtosha. Akaoa mwanamke wa Kikipsigis, akaishi kati ya watu wa mkewe, akaijua lugha yao kwa undani ambao wenzake hawakuukaribia. Katika miaka ya 1930 aliandika katika majarida juu ya ndoa, dini na tabia za Wakipsigis, na kitabu chake juu yao kilichapishwa mwaka 1961 kikiwa kimefupishwa na kuhaririwa na A. T. Matson. Wasomi wengine walipita na madaftari yao wakaenda. Yeye alikuwa mkwe. Kwetu ukoo hauna mkwe wa kukaa tu. Kuna ng'ombe wa kutolewa, kuna wazee wa kungojwa hadi wamalize kunywa, kuna maneno yasiyotamkwa mbele ya mama mkwe, kuna kuitwa usiku wakati mtu amefariki. Naamini Orchardson alijifunza kwa sababu, wa kwanza kati ya wenzake pengine, alikuwa na watu wenye haki ya kumtuma.

Nami nikimlaumu Mwingereza wa leo, lazima niwatazame pia wenyeji wake, yaani sisi. Mgeni akisalimu "Chamgei" katika mji wa Bomet, atajibiwa "Chamgei mising" kwa furaha ya kweli, na sentensi ya pili itakuwa Kiingereza. Ya tatu pia. Watu husema ni ukarimu, na ukarimu umo, lakini ndani yake kuna jeraha. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amkamate mwenzake, na jioni wote waliokivaa wakachapwa. Kiingereza hicho tulikilipia. Kijana anayemjibu mgeni kwa Kiingereza anaonyesha kitu alichokigharimikia ada, viboko na miaka minane ya kutazama ubao. Mgeni, asiyejua habari ya kibao, anadhani ameambiwa matamshi yake ni mabaya. Anaaibika, anarudi kwenye Kiingereza, na wote wawili wanabaki hapo kwa miezi wakidhani wamesaidiana.

Mwalimu mmoja wa kujitolea, msichana kutoka kaskazini ya Uingereza, alipanga kwa shangazi yangu upande wa Bomet. Jioni alikaa jikoni na daftari, akituuliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje, nasi vijana tulimjibu kwa Kiingereza kirefu, tukishindana kueleza. Daftari lilijaa. Mdomo haukufunguka. Kogo, bibi yetu, hakuwa na Kiingereza hata kidogo, na daftari hilo hakulielewa lilikuwa la nini. Siku moja alikuwa akisafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Bila kugeuza kichwa akamwambia yule msichana amletee sosiot, ule ufagio mwembamba wa kusugulia ndani ya kibuyu, na akaelekeza kwa kidevu kule ulikotundikwa. Msichana akatutazama sisi. Sisi, kwa bahati, tulikuwa tumetoka kuchota maji na ndiyo kwanza tunaingia mlangoni. Kogo akarudia, sauti ile ile, bila kuipunguza mwendo. Msichana akainuka, akashika kijiko. Siyo. Akashika fimbo. Siyo. Akafika kwenye sosiot, na Kogo akatikisa kichwa mara moja kukubali, akainyoosha mikono yake yenye majivu kuipokea, na hapo hapo akamtuma tena, safari hii makaa ya mti wa senetwet ya kukitia kibuyu dawa.

Tangu jioni ile tulipata amri kutoka kwa Kogo tusiingilie. Alimtuma kuni, maji, chumvi, akamtuma kufungia kuku, akamtuma kwa jirani na neno ambalo hakulielewa lote, arudi na jibu ambalo hakulielewa kabisa. Alirudi mara nyingi na jibu lisilo lake. Kogo hakumsahihisha, alimtuma tena. Na siku msichana alipoanza kusema, hakuanza na salamu wala na kujitambulisha kama vitabu vinavyotaka. Alianza kwa kumtuma mdogo wetu alete maji. "Ibu bek," akasema, na toni ilikuwa ya Kogo mtupu, ya kizee, na mtoto akainuka akaenda kabla hajatambua ni nani aliyemwamuru.

Sijui namna bora zaidi ya kueleza kile Harkness na Super walichokiona Kokwet. Kogo alimfundisha mgeni wake kama alivyotufundisha sisi. Alimpa haki ya kuwa mtoto wa nyumba ile, na haki hiyo huja na kazi. Kwa mtu aliyezaliwa na Kiingereza jambo hilo ni gumu kuliko irabu na toni zote. Kokote aendako duniani lugha yake imetangulia kumtandikia kitanda. Hotelini, benki, uwanja wa ndege, ofisi ya kaunti, kote huko yeye ndiye anayeelewa na wengine ndio wanaojitahidi. Hapati siku hata moja ya kuhitaji kikombe cha maji na kukosa neno lake. Umaskini huo wa muda ndio uliowafundisha Wakisii na Waluhya wa laini, nao hawakuuchagua. Yeye lazima auchague, na auchague tena kila asubuhi, wakati njia ya kutokea iko wazi mdomoni mwake.

Naiwaza Tenwek zaidi ya mahali pengine pote, kwa sababu pale lugha inagusa mwili. Kituo hicho cha Bomet kilianza katika miaka ya 1930 kama tawi la misheni ya Willis Hotchkiss, Mmarekani aliyekuwa ameanzisha kazi yake Lumbwa, kikachukuliwa na World Gospel Mission, na daktari wa kwanza wa kukaa, Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Leo ni hospitali ya rufaa inayofundisha madaktari wapasuaji, na wagonjwa huja kutoka mbali sana. Wageni wengi huja kusaidia kwa wiki chache, wakategemea muuguzi awatafsirie, na sioni la kuwalaumu. Mshipa uliokatika haungoji wiki 36.

Lakini nimewahi kukaa kando ya kitanda cha mzee wetu, katika hospitali nyingine, daktari mgeni akimuuliza kinachomuuma. Mzee alianza mbali. Alianza na siku waliyopanda mahindi, alivyoinama akahisi kitu kikivutika ubavuni, alivyomwambia mkewe naye akampa maziwa, jinsi maumivu yalivyohama yakaenda mgongoni, yakamwacha kwa siku kadhaa, yakarudi wakati wa kupeleka ng'ombe kwenye josho. Alitaja na hofu yake, maana ndugu yake alikufa akishika ubavu ule ule. Muuguzi, aliyekuwa na vitanda vingine vingi vya kuzungukia, akamgeukia daktari akasema: tumbo, wiki mbili. Daktari akaandika. Hakuna aliyedanganya. Mzee alitazama kalamu ikisimama mapema mno, akaelewa, akafunga mdomo, na maswali yaliyofuata akayajibu kwa ndiyo na hapana.

Daktari anayepanga kukaa Bomet kwa miaka hahitaji kukisema Kikipsigis kama mzaliwa ili azuie ukimya huo. Anahitaji kuielewa hadithi ya mahindi na josho, na kumwacha mzee afike mwisho. Sikio litamfaa kabla ya mdomo. Na sikio hilo hatalipata darasani tu. Atalipata kwa wafagiaji wa wodi wakimwagiza asogeze kitanda, kwa mama wa mboga akimtuma abadilishe noti, kwa jirani akimwita ashike kamba ndama azaliwe. Aombe kutumwa. Aseme wazi kwamba hataki kuhurumiwa kwa Kiingereza kwa saa kadhaa za siku, na wenyeji wake wamwamini.

Nanyi vijana wa Konoin, Bureti na Sotik, mliokilipia Kiingereza kwa machozi, mnajua kabisa kukizungumza na hakuna anayewadai ushahidi. Mgeni akija kwenye kituo cha kununulia majani akawasalimu kwa Kikipsigis, msimjaribu kwa maswali ya jina lake na nchi yake, wala msikimbilie kumwonyesha shule mliyosoma. Mjibuni kwa lugha aliyoianza. Na gunia likiwa linapandishwa mzanini, mwambieni, bila kuonyesha kwa kidole, ashike upande wa pili.